Uko jimbo gani sasa hivi?

Mtoto wa mama yangu mdogo anaishi Louisville, Kentucky, na mumewe, Mkongo wa Fizi aliyekulia kambi ya Nyarugusu. Walipojaaliwa mtoto wa kike, alichomwa kisigino kama wachomwavyo vichanga wote Marekani, tone la damu likaenda maabara, na baada ya wiki chache ikaja barua. Dada akaipiga picha, akaitupa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Kufika usiku ukoo wetu ulikuwa na madaktari wasiopungua kumi. Mjomba wa Kigoma aliagiza mtoto akikua apewe juisi ya rozela. Shangazi aliuliza kwa nini walioana bila kupima. Kuna aliyetuma pole, kana kwamba pana msiba.

Barua yenyewe ilisema jambo dogo: mtoto ni AS. Amerithi kinasaba kimoja cha sikoseli kwa mzazi mmoja. Alichopewa na mzazi wa pili ni kizima. Haumwi. Ila sasa inajulikana kwamba mzazi mmoja, angalau mmoja, anacho kinasaba hicho. Wakiwa nacho wote wawili, kila mimba itakayofuata ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS, yaani mgonjwa.

Siku chache baadaye dada akapigiwa simu na mshauri wa vinasaba, yaani mtaalamu wa kuwaeleza watu magonjwa ya kurithi na majibu ya vipimo vyake, mkalimani wa Kiswahili akiwa kwenye laini. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana na dada alikuwa kazini, kwenye ghala moja kubwa pale Jeffersonville. Baada ya salamu, swali la kwanza halikuhusu mtoto wala damu. Lilikuwa: uko jimbo gani sasa hivi? Dada akasema Indiana. Basi samahani, siwezi kuendelea, leseni yangu ni ya Kentucky, tupange siku nyingine.

Kati ya Louisville na Jeffersonville pana mto Ohio na daraja. Upande huu mshauri yule ni mtaalamu mwenye mamlaka. Upande wa pili akifungua mdomo amevunja sheria. Majimbo yote mawili hutoa leseni kwa kazi hii, kila moja yake. Dada alipotusimulia tulicheka, kisha mie nikakaa na swali lile kwa muda mrefu. Leseni ile, iliyokatiza mazungumzo ambayo mama wa mtoto alikuwa akiyasubiri kwa hofu, inamlinda nani?

Rai yangu niitangulize. Leseni ya mshauri wa vinasaba ni kitu chema kilichobebeshwa mzigo usio wake. Inalinda jina la kazi, na inasaidia kubisha hodi kwenye mlango wa bima. Dhidi ya wanaomuumiza mgonjwa kwelikweli haina nguvu nyingi, kwa sababu wengi wao wana leseni kubwa kuliko hiyo.

Kwa nini serikali iingie kabisa kwenye mazungumzo ya watu wawili kuhusu uzazi? Historia ya jambo hili imekaa vibaya, na sehemu yake imekaa pale pale ng'ambo ya mto. Indiana, mwaka 1907, ilikuwa ya kwanza duniani kutunga sheria ya kuwafunga watu uzazi kwa nguvu, wale walioitwa punguani, wahalifu, wasiofaa kuendeleza kizazi. Virginia ikatunga yake 1924, na mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Buck dhidi ya Bell, ikasema ni halali. Kabla upepo haujageuka, watu zaidi ya 60,000 walikuwa wamefungwa uzazi katika nchi hiyo. Wakata hukumu walikuwa madaktari waliosajiliwa na bodi zao, wakifuata sheria za majimbo yao, karatasi zote zikiwa sawasawa.

Hata jina la kazi hii limezaliwa katika nyumba hiyo. Daktari mmoja wa Minneapolis, Charles Dight, muumini mkubwa wa kuwachagua binadamu wazae au wasizae kama wafugaji wachaguavyo madume ya ng'ombe, alipofariki 1938 aliacha mali yake kwa Chuo Kikuu cha Minnesota. Ikaanzishwa taasisi yenye jina lake. Aliyeiongoza baadaye, Sheldon Reed, ndiye aliyebuni mwaka 1947 maneno ambayo sisi tunayageuza kuwa ushauri wa vinasaba. Reed alitaka kukata kamba na ya nyuma: mshauri aeleze, asiamuru. Familia ikishaelewa, iamue yenyewe. Kanuni hiyo ya kutomwelekeza mtu ndiyo iliyokuja kuwa roho ya kazi. Mwaka 1969 Chuo cha Sarah Lawrence, New York, kikafungua shahada ya kwanza ya uzamili ya fani hii, wahitimu wakatoka 1971, na mwaka 1979 washauri wakaunda chama chao cha kitaifa.

Wahitimu wale wa kwanza walitoka wakati serikali za majimbo zinafanya madudu. Nalitaja hili kwa kirefu kidogo kwa sababu linahusu sikoseli, yaani linahusu damu yetu. Mwaka 1968 Linus Pauling, mshindi wa Nobel mara mbili na mmoja wa waliogundua mwaka 1949 kwamba himoglobini ya mgonjwa wa sikoseli ni tofauti, alipendekeza kwa maandishi kwamba vijana wenye kinasaba hicho wachanjwe alama kwenye paji la uso, ili wakikutana wajuane na wasipendane. Alikuwa na nia njema, ndiyo inayotisha. Kuanzia 1971, Massachusetts ikitangulia, majimbo yakaanza kutunga sheria za kupima sikoseli kwa lazima: watoto wanaoanza shule, wachumba wanaoomba cheti cha ndoa. New York iliandika sheria ya ndoa iliyochagua wa kupimwa kwa rangi yake. Sheria nyingine hazikujua hata kutofautisha AS na SS. Watu wazima wenye afya zao wakaambiwa wana ugonjwa. Wakanyimwa kazi, wakapandishiwa bima. Chuo cha Jeshi la Anga kiliwakataa vijana wenye AS hadi 1981. Na katika mengi ya majimbo hayo hapakuwa na mtu wa kumkalisha mama chini akamweleza karatasi ile ina maana gani. Kipimo kilikuwa lazima, maelezo hayakuwa lazima.

Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini na Nixon Mei 1972 ilijaribu kurekebisha: fedha za serikali kuu zitolewe kwa mipango ya hiari, yenye ushauri ndani yake. Majimbo yakaanza kufuta au kulegeza sheria zao.

Mwaka huo huo wa 1971, eneo la Baltimore na Washington, Wayahudi walianza kupimana ugonjwa wa Tay-Sachs, nao ni ugonjwa wa kurithi wa namna ile ile, kinasaba kimoja salama, viwili msiba. Hapakuwa na sheria ya kulazimisha. Daktari Michael Kaback na wenzake walikaa kwanza na marabi na viongozi wa jamii kwa miezi mingi, upimaji ukafanyika kwenye masinagogi na shule, watu wakaelezwa kabla ya kutoboa mshipa. Idadi ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo ikashuka sana miaka iliyofuata. Damu zilipimwa kote kuwili. Tofauti ilikuwa nani amealikwa kwenye maandalizi.

Kwa hiyo mtu akiniambia leseni ni muhuri wa usalama, nakumbuka kwamba hatari kubwa zaidi katika historia ya fani hii ilitembea na muhuri mkononi.

Leseni yenyewe ilichelewa kuja. California ilipitisha sheria mwaka 2000, kisha ikaikalia takriban miaka kumi kabla ya kuanza kutoa leseni. Utah ilitunga yake 2001, ikatoa 2002, ikawa ya kwanza kwa vitendo. Leo majimbo zaidi ya 30 yana leseni hiyo. Masharti yanafanana: shahada ya uzamili kutoka chuo kilichoidhinishwa, kufaulu mtihani wa bodi ya taifa ya washauri, iliyoanza kazi 1993, ada, masomo ya kujiendeleza kila baada ya kipindi fulani, na bodi ya kupokea malalamiko. Asiye na leseni haruhusiwi kujiita mshauri wa vinasaba. Tofauti kubwa ziko kwenye mipaka ya kazi: majimbo mengine humruhusu mshauri kuagiza kipimo kwa saini yake, mengine humtaka arudi kwa daktari kwa kila kitu.

Ukiwauliza wenyewe kwa nini wamehangaika miaka 20 wakizunguka mabunge ya majimbo, watakutajia usalama wa mgonjwa, na wanasema kweli. Kuna sababu ya pili wanayoitaja kwa sauti ya chini zaidi, nayo ni malipo. Medicare, bima ya serikali ya wazee wa miaka 65 na kuendelea, haimtambui mshauri wa vinasaba kama mtoa huduma anayeweza kuidai moja kwa moja. Muswada wa kubadili hilo umewasilishwa katika Bunge la Marekani zaidi ya mara moja tangu 2019 na haujawa sheria. Bima binafsi nazo hupenda kuona leseni ya jimbo. Bila leseni wewe ni mfanyakazi wa kiofisi mwenye maneno mazuri. Ukiwa nayo, angalau unaweza kutuma ankara. Silaumu. Mtu anayekaa na mama saa nzima akimchorea mti wa ukoo wake anastahili kulipwa kuliko mashine inayosoma damu kwa sekunde. Ila tusijifanye kwamba uzio uliojengwa kwa ajili ya ankara ulijengwa kwa ajili ya mgonjwa.

Tuangalie basi mgonjwa ameumizwa wapi.

Septemba 2019 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 35 katika operesheni iliyopewa jina Double Helix. Tuhuma zilikuwa kuitoza Medicare zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa vipimo vya vinasaba vya saratani. Mbinu ilikuwa ya kibiashara tu. Wapiga debe waliwapigia wazee simu, au waliwakuta kwenye maonyesho ya afya, wakawaambia kipimo ni bure, bima italipa. Pamba ikasuguliwa ndani ya shavu. Daktari asiyemjua mzee, mara nyingi asiyewahi kumwona, alisaini fomu ya kuagiza kipimo na kulipwa chake. Maabara ikaitoza serikali, ikamkatia mpiga debe fungu lake. Majibu mara nyingi hayakumfikia mzee kabisa, au yalimfikia yakiwa hayana faida kwa daktari wake wa kawaida. Kati ya walioshtakiwa, 9 walikuwa madaktari. Leseni zao zilikuwa halali. Tena ndizo zilizokuwa bidhaa. Bila saini yenye leseni, mchezo wote usingechezeka.

Ugeukie Oregon. Mwaka 2017 mwanamke mmoja alifungua kesi akidai kwamba watoa huduma wake walisoma vibaya majibu ya kipimo, wakamwambia ana badiliko la hatari la saratani, naye akaondolewa matiti na kizazi. Kwa madai yake, karatasi ya maabara haikuwa imesema hivyo. Wanaoijua kazi hii wanaujua mtego uliopo hapo: maabara huweza kuandika kwamba imeona badiliko ambalo maana yake bado haijajulikana, na mtu asiyezoea akasoma hayo kama hukumu. Mshauri wa vinasaba amefundishwa hasa kuusoma mstari huo mmoja. Katika sheria za majimbo, hata hivyo, daktari na muuguzi wa ngazi ya juu huruhusiwa kueleza majibu hayo bila kumwita mshauri. Sheria ya leseni huwaacha nje kwa kifungu cha misamaha, kwa kuwa bila msamaha huo chama cha madaktari kingeuzika muswada siku ya kwanza.

Hapo ndipo ninapoona uzio umewekwa upande usio na fisi. Mwenye elimu nyingi zaidi ya jambo hili anazuiwa asivuke daraja. Mwenye elimu kidogo ya jambo hili lakini koti refu anapita.

Na kipimo chenyewe? Vipimo vingi vya vinasaba Marekani hutengenezwa na maabara ile ile inayovifanya, na kwa miaka mingi vimeuzwa bila idhini ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa. Maabara hukaguliwa jinsi inavyofanya kazi. Kama kipimo kinasema la maana kwa maisha ya mtu ni habari nyingine. Mwaka 2024 FDA ilitoa kanuni za kuvileta chini yake. Machi 2025 mahakama ya shirikisho kule Texas ikazifuta. Kwa hiyo anayeeleza kipimo ana leseni ya jimbo, na kipimo anachokieleza huenda hakijapita mikononi mwa mtu yeyote wa kukiuliza maswali. Sijui jina la mpangilio wa namna hiyo. Bibi yangu angesema kumkagua mpishi kucha na kuacha kutazama nyama.

Kuna jambo la tatu, na kwangu ndilo zito. Juni 2013 Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya Myriad kwamba kinasaba cha binadamu, kama kilivyo mwilini, hakiwezi kumilikiwa kwa hataza. Maabara nyingi zikaingia sokoni, bei zikashuka, na maabara hizo zikaanza kuajiri washauri wa vinasaba kwa wingi. Mshauri huyo hukupigia simu bure, ni mpole, anajua kazi, ana leseni safi. Mshahara wake unatoka kwa anayekuuzia kipimo. Simtuhumu mtu. Wapo wanaofanya kazi hiyo kwa uadilifu, na mgonjwa wa kijijini Montana pengine asingepata mshauri mwingine. Ila sheria ya leseni inayomtaka mshauri ajue mgonjwa ameketi kwenye kiti kilichopo jimbo gani, inashindwaje kumtaka amwambie mgonjwa huyo, dakika ya kwanza, nani anamlipa? Chama cha washauri kina maadili yake juu ya mgongano wa maslahi. Maadili ya chama ni ahadi kati ya wenzi. Leseni ni amri ya dola, na dola ingeweza kuandika sentensi moja.

Virginia, pale pale pa Buck dhidi ya Bell, iliandika sentensi ya aina nyingine. Sheria yake ya leseni ya 2014 ina kifungu cha dhamiri: mshauri halazimiki kushiriki ushauri unaopingana na imani yake ya dini au maadili, mradi amjulishe mgonjwa kwamba hatashiriki na ajitolee kumwelekeza kwenye orodha ya bodi ya washauri wengine. Naheshimu dhamiri ya mtu. Sitaki mshauri wa kulazimishwa. Kinachonisumbua ni saa. Mimba haisubiri. Mama aliyeambiwa wiki ya 19 kwamba kuna kitu kimeonekana, akapewa orodha badala ya maelezo, amepoteza siku ambazo hakuna bodi itakayomrudishia. Jimbo hilo hilo mwaka 2015 liliidhinisha fidia ya dola 25,000 kwa kila mhanga aliyekuwa bado hai kati ya wale liliowafunga uzazi. Ungetegemea nyumba iliyoungua hivyo ijali zaidi habari zisimfikie mama nusu nusu.

Kwenye kampuni za kuuzia watu vipimo majumbani sitakaa. 23andMe iliomba ulinzi wa kufilisika Machi 2025, mamilioni ya watu waliotema mate kwenye vichupa vyake wakaanza kuuliza mate yao yataenda wapi, na sheria ya shirikisho ya 2008 inayozuia ubaguzi wa kinasaba kwenye ajira na bima ya afya haigusi bima ya maisha. Mshauri mwenye leseni hakuwa hata chumbani.

Sasa nirudi kwetu, kwa kuwa barua ya Louisville ilisomwa Kigoma.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wa SS kila mwaka, miongoni mwa idadi kubwa kabisa duniani. Muhimbili ina mradi wa sikoseli tangu 2004, ulioasisiwa na Profesa Julie Makani na wenzake, unaojulikana dunia nzima. Tuna hata sheria ya mwaka 2009 ya kudhibiti matumizi ya vinasaba vya binadamu, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo wengi wetu tunaijua kwa habari moja tu: nani ni baba wa mtoto, na kwamba ombi la kupima hupitia mahakama, ustawi wa jamii, polisi au wakili. Sheria hiyo inatazama sampuli. Mama wa kijijini aliyeambiwa SS anaelezwa na nani?

Anaelezwa na muuguzi wa kliniki ya sikoseli, siku ya kliniki, benchi limejaa. Au na mzazi mwenzake aliyekaa na ugonjwa huo nyumbani miaka 12 na anajua joto la mtoto kwa kiganja. Kama kesho baraza fulani litaamka na kunakili sheria ya Utah neno kwa neno, shahada ya uzamili na mtihani wa bodi, hao ndio watakaokuwa wahalifu wa kwanza. Afrika Kusini, ambako washauri wa vinasaba husajiliwa na baraza la wataalamu wa afya na kusoma uzamili, imetoa watu hodari, lakini kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 60 ni wa kuhesabika. Ufaransa ilichukua njia ya kati mwaka 2004: kazi inatambuliwa kisheria, ila mshauri hufanya chini ya dhamana ya daktari bingwa wa vinasaba. Kwa nchi ambayo mabingwa hao wenyewe hawajajaza basi dogo, hilo nalo ni kufunga mlango kwa adabu.

Na sisi hatuanzi sifuri. Neno ushauri nasaha lilituingia masikioni kwa UKIMWI. Kuanzia 2001 vituo vya Angaza vilipofunguliwa, watu walisema fulani ameenda Angaza, ikaeleweka. Waliokaa nyuma ya meza zile walikuwa wauguzi, walimu, maofisa ustawi, waliopewa mafunzo ya wiki chache na daftari la miiko: usimwambie mtu la kufanya, usitoe siri, usimpime ambaye hajaelewa. Kenya mwaka 2006 na Tanzania 2008 zikaandika ushauri kabla na baada ya kipimo ndani ya sheria zao za UKIMWI. Sheria ilianza na haki ya anayepimwa. Cheo cha anayeshauri kikafuata. Kenya ilikuja kutunga sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014, kazi ikiwa tayari imeota mizizi.

Mpangilio huo ndio ningeuiga. Kwanza mtu awe na haki ya kuelezwa majibu ya kinasaba kwa lugha anayoielewa, na mtu anayejua anachosema. Kisha anayemweleza awe na wajibu wa kutaja anayemlipa. Baada ya hapo vyeti vya ngazi: cheti kifupi kwa muuguzi wa sikoseli anayeeleza AS na SS, na cha juu kwa atakayesoma karatasi za saratani. California yenyewe, pamoja na leseni yake kubwa, ina cheti cha pembeni kwa wanaowashauri wenye kinasaba cha sikoseli. Jina la mshauri wa vinasaba lilindwe kweli, matapeli wa mitishamba tunao na wameshaanza kuandika DNA kwenye vibao vyao. Kuongea na mama kuhusu damu ya mtoto wake kusifanywe hati miliki ya wenye uzamili.

Nimesema lugha. Dada alipigiwa tena siku mbili baadaye, jioni, akiwa jikoni kwake upande wa Kentucky. Mkalimani alikuwa mwingine, kijana, sauti ya Goma. Mshauri alieleza vizuri, nadhani, maana aliongea kwa kirefu. Kijana akatafsiri: mama, mtoto wako ana sikoseli nusu. Dada akaanza kulia. Mshauri, ambaye hakujua Kiswahili hata neno moja, alisikia kilio na akajua kuna kitu kimevunjika njiani. Akasimamisha. Akamwomba kijana amuulize dada aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Ikageuka hivyo mara tatu, mpaka sikoseli nusu ikawa mtoto haumwi, amebeba tu.

Hicho ndicho kitu nilichokuwa nakitafuta ndani ya leseni yote ile. Kusikia kilio na kurudi nyuma hufundishwa, vyuo vyao vinafundisha, na nina hakika mtihani wa bodi unakizunguka kwa namna fulani. Siwezi kusema leseni haina maana baada ya kusikia habari ile.

Kisha mshauri akauliza kama baba wa mtoto amepima. Shemeji alikuwa sebuleni. Dada akafunika simu kwa kiganja, akamwita. Akajibu kwa sauti tuliyoweza wote kuisikia kwenye rekodi aliyotutumia: mimi siumwi, wanipime nini?